Kisiwa Cheupe Nilichokifuta kwa Sarufi Safi

Nilimwahidi Gurdev Singh, siku alipolivua koti lake la kazi kwa mara ya mwisho na kulitundika kwenye msumari wake wa kila siku, kwamba nitakirudisha Kisiwa Cheupe mahali pake. Hakuniomba jambo jingine, ingawa alikuwa na haki ya kuniomba jambo kubwa zaidi. Nilisema, "Nakuahidi, Mzee." Akanitazama juu ya miwani yake na kujibu, "Haya, Mwalimu. Nimesikia."

Sasa nimestaafu. Karakana yetu ya ramani pale mtaa wa Digbeth imegeuzwa kuwa ukumbi wa muziki na maonyesho ya picha, na mahali palipokuwa na meza yangu pana mashine ya kahawa. Kisiwa bado hakijarudi. Ninawaandikia ninyi vijana, mliozaliwa hapa Birmingham na mnaojibu kwa Kiingereza mkisemeshwa kwa Kiswahili, na ninyi mlioko shuleni Afrika Mashariki, kwa sababu uwezo wa kutimiza ahadi ile umetoka mikononi mwangu na huenda umo mikononi mwenu.

Kwanza nieleze tulikuwa tukifanya nini, maana kazi yenyewe imekufa. Tulitengeneza atlasi za shule. Ramani moja ilikuwa na karatasi kadhaa za plastiki angavu, tulizoziita filamu, zilizopangwa moja juu ya nyingine: filamu ya mistari ya pwani, filamu ya bahari, filamu ya milima, na juu kabisa filamu ya majina. Kila jina lilichapwa kwenye utepe mwembamba wenye nta nyuma yake. Ulilikata kwa kisu, ukalinyanyua kwa ncha ya kisu hicho hicho, ukaliweka mahali pake, kisha ukaligandamiza kwa kidole gumba hadi nta ipate joto. Mwanafunzi yeyote wa kazi ile alilipuliza jina kwa pumzi ili kuondoa vumbi, na mwanafunzi yeyote alifanya hivyo mara moja tu, kwa sababu jina liliruka.

Majina yalikuwa na tabia ya kutoroka. Siku moja nilishuka kwenye treni Stechford, ninakoishi mpaka leo, nikaliona Ziwa Rukwa limenata kwenye kiwiko cha sweta yangu. Nililirudisha kesho yake ndani ya bahasha. Gurdev alilipokea kwa heshima zote na kuliuliza kama lilipenda mandhari ya huko.

Yeye alizaliwa Nakuru, fundi mwana wa fundi, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji na soko. Mimi nilikuwa Msomali niliyelelewa Isiolo, niliyekipata Kiswahili darasani na kukishika kama mtu anavyoshika cheti. Nilikuwa nimehitimu chuo katika jiografia na lugha, nikaajiriwa kwa ajili ya atlasi moja tu, ya Kiswahili, nikiwa katika miezi ya majaribio. Katika jengo zima ni sisi wawili tu tuliokielewa Kiswahili. Meneja wetu, Bi Margaret, mwanamke wa haki na mwenye haraka, alitutegemea kwa kila neno.

"Wewe Msomali, mimi Kalasinga," Gurdev alikuwa akisema, "na tunagombana juu ya Kiswahili ndani ya Digbeth. Mwingereza akituona atafikiri tumerogwa."

Tuligombana kweli, na aliyeanza mara nyingi nilikuwa mimi. Nilikuwa na imani kubwa kuhusu majina. Nilikuwa nimesoma jinsi wageni walivyofika katika nchi za watu, wakatazama mlima wenye jina tayari, wakaupachika jina la mfalme wao. Niliona kwamba atlasi yetu ingeweza kurekebisha sehemu ndogo ya dhuluma hiyo. Kanuni yangu ilikuwa moja: kabla ya kuandika jina, waulizwe wenyeji. Niliieleza kanuni hii mara nyingi, nimesimama, wakati wenzangu wakifanya kazi wameketi, mpaka Gurdev akanibandika jina la Mwalimu. Siikani hata leo. Lakini tulipofika ukurasa wa ncha ya kaskazini ya dunia ndipo Gurdev alipoijaribu.

Mashariki ya visiwa vya Svalbard, mbali na vyote, kuna kisiwa kimoja ambacho Wanorwe wanakiita Kvitøya, yaani kisiwa cheupe. Karibu chote kimefunikwa na barafu, kama sinia lililofunikwa kawa, na barafu hiyo inashuka hadi baharini bila kuacha ufuko. Miamba mitupu huonekana kwenye ncha zake tu, upande wa mashariki na upande wa kusini-magharibi. Wakati wa baridi jua halichomozi kwa miezi. Mabaharia wa zamani waliokiona kwa mbali hawakuwa na hakika ya walichokiona, na ramani zao zilikiweka hapa na pale, kwa jina hili na lile, mpaka baadaye sana kilipotulia. Hakuna anayeishi humo. Hupita sili wakubwa wenye pembe kama za ndovu, na dubu weupe.

Nilipendekeza tukiite Kisiwa Cheupe, ili mtoto wa Tabora au wa Lodwar alielewe jina kama Mnorwe anavyolielewa.

"Hii kisiwa nyeupe," akauliza Gurdev bila kuinua macho, "wenyeji wake ni nani?"

Nikasema hakina wenyeji.

"Basi utauliza nani? Dubu?"

"Ni kisiwa cheupe, Mzee. Si kisiwa nyeupe."

"Mimi nimekuuliza habari ya dubu, wewe unanipa habari ya che."

Swali lile la dubu limekaa nami kuliko vitabu vyangu vya chuoni. Mahali pasipo na mtu wa kulalamika, ni nani anayepalinda pasiandikwe vibaya? Gurdev alikuwa na jibu, ila alilitoa kwa mikono. Alikata jina lile, akaliweka majini upande wa kulia wa kisiwa, juu kidogo. Alinifundisha kwamba jina la kisiwa kidogo huwekwa baharini kwa sababu kisiwa hakiwezi kulibeba, na kwamba lazima liwe karibu kiasi cha kujulikana ni la nani, lakini lisiguse pwani. Alilisogeza kwa ncha ya kisu mara nne. Hakuna mtu duniani ambaye angetambua tofauti ya mara ya tatu na ya nne.

Alikuwa na desturi nyingine, na juu ya desturi hii ndipo habari yangu yote inaposimama. Aliiita kusikia. Ukurasa ulipokamilika, mtu mmoja alisoma majina yote kwa sauti kutoka faharasa, ile orodha ya nyuma ya atlasi, na mwenzake alilitafuta kila jina kwenye ramani. Akilipata alilifunika kwa kidole na kusema, "Nimesikia." Hapo tu ndipo msomaji alipoweka alama ya vema. Kidole kisipopata pa kutua, neno halikusemwa, na kazi ilisimama. Ukurasa wenye majina mengi ulichukua nusu ya siku. Bi Margaret aliuona kuwa ni uchelewaji, lakini kurasa za Gurdev hazikuwahi kurudishwa na mteja, basi akanyamaza.

Sasa kosa langu.

Rasimu ya ukurasa wa kaskazini ilirudi kutoka kwa wapaka rangi, na kisiwa chetu kilikuwa kijani. Mashine yao ilipaka ardhi yote ya chini rangi ya kijani, bila kujali kama ni malisho au barafu. Nilikasirika kwa niaba ya watoto watakaodhani kuna majani pale. Nilichukua karatasi ya masahihisho, nikachora mshale kuelekea kisiwa, nikaandika kwa mwandiko wangu wa chuo: *Mahali hapa pawe peupe.*

Isomeni tena sentensi hiyo. Haina kosa la upatanisho. Mahali, hapa, pawe, peupe: kila kiambishi kimekaa panapostahili. Nilimaanisha rangi. Lakini mtu aliyekua na Kiswahili kinywani anajua kwamba mahali peupe ni mahali patupu, uwanja ulio wazi, pasipo na kitu. Gurdev aliisoma hivyo. Alidhani mimi, mwenye kanuni zangu, nimeamua kwamba kisiwa kisicho na wenyeji hakistahili kuwemo. Alichukua kisu, akakwangua mstari wa pwani na ile rangi ya kijani, akaling'oa jina. Bahari ya sehemu ile ilikuwa imeachwa bila rangi kuonyesha barafu inayoelea, kwa hiyo hapakubaki hata kovu. Kama ningeandika *kisiwa kiwe nyeupe*, kwa Kiswahili chake kile nilichokuwa nikikisahihisha kila siku, kisiwa kingekuwepo mpaka leo.

Hata hivyo kusikia kungetuokoa. Gurdev aliniambia alasiri ile, akiwa anaondoka kwenda kwa daktari wa meno, kwamba ukurasa wa kaskazini, uliobaki wa mwisho, tutausikia kesho asubuhi. Mimi nilikuwa na mkutano. Nilikuwa nimealikwa kuzungumza mbele ya watu kumi na wanne, kwenye chumba juu ya duka moja barabara ya Alum Rock, kuhusu haki ya kila mahali kuitwa jina lake. Mjumbe wa kiwanda cha uchapaji alikuwa mlangoni akisubiri mzigo. Nikatazama orodha, nikaweka alama zote za vema mwenyewe, kuanzia juu hadi chini kwa mkupuo mmoja, nikampa filamu. Asubuhi Gurdev aliniuliza kama tuanze. Nikamwambia tayari. Aliniuliza nilisoma na nani. Nikajibu kwamba majina yalikuwa machache.

Hotuba yangu ilipigiwa makofi.

Miezi kadhaa baadaye ilifika barua kutoka kwa mwalimu mmoja wa kike wa Tanga. Aliandika kwa adabu sana. Alisema faharasa inakitaja Kisiwa Cheupe na kutoa mraba wake kwenye ramani, lakini darasa lake lilikitafuta kipindi kizima na kengele ikalia hawajakiona. Aliomba radhi endapo tatizo ni macho yao.

Bi Margaret alituita kwenye meza ya taa, ile yenye kioo kinachowaka kwa chini. Aliiweka filamu juu yake, na sote watatu tukainama kutazama pasipokuwa na kitu. Akauliza nani aliyekiondoa. Karatasi yangu ya masahihisho ilikuwapo, kwenye faili mkononi mwa Gurdev. Bi Margaret asingeweza kuisoma. Katika jengo lile ni watu wawili tu walioweza kumwambia inasemaje. Gurdev alisema kwa Kiingereza chake kifupi kwamba aliyeondoa ni yeye. Kisha Bi Margaret akanigeukia, akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nilisema hapana.

Nimelifikiria neno hilo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilijipa sababu: nilikuwa katika majaribio, kibali changu cha kukaa kilitegemea kazi ile, na tena mkono uliokwangua haukuwa wangu. Sababu zote ni za kweli, na hakuna hata moja inayobadilisha kwamba mtu aliyehubiri juu ya haki ya majina aliliacha jina la mzee likichafuka mbele ya macho yake.

Maana hayo ndiyo yaliyofuata. Ukurasa wa mwanzo wa atlasi uliorodhesha waliotengeneza ramani. Toleo lilipochapwa tena, Bi Margaret aliliondoa jina la Gurdev Singh. Kisiwa, alisema, kitasubiri atlasi itakapochorwa upya, kwa kuwa filamu za ramani ni kazi ndefu, lakini ukurasa wa majina ulikuwa rahisi kubadilisha. Jina langu likabaki. Gurdev alihamishiwa ghalani kufunga ramani za ukutani ndani ya mirija ya karatasi. Alizifunga vizuri. Kabla ya kufunga kila moja alisimama akaisoma kidogo, midomo ikicheza. Mwaka haukwisha akastaafu, na ndipo nilipotoa ahadi ile niliyoanza nayo.

Nilidhani nitaitimiza upesi. Atlasi ya Kiswahili haikuchorwa upya. Wachapishaji waliiacha, kompyuta zikaja, filamu zikatupwa, na mafundi wakaondoka mmoja mmoja mpaka katika chumba kile nikabaki mimi, skrini, na redieta ya kupashia chumba joto iliyokuwa ikigongagonga. Kompyuta haihitaji mtu wa pili. Inaweka majina elfu moja kwa kupepesa jicho, na yakigongana inaficha dogo. Hiyo ndiyo sheria yake, na mtaiona hata kwenye simu zenu: ukiitazama dunia kwa mbali, visiwa vya aina ile haviandikwi. Inabidi usogee, usogee tena, na ujue tayari unachokitafuta.

Niliendelea kusoma majina kwa sauti. Nilisoma, nikalitafuta jina mwenyewe kwa kidole, kisha chumba kikanyamaza mahali ambapo neno la Gurdev lilipaswa kuwa. Nilijaribu kujijibu, "Nimesikia." Nikaona aibu, kama mtu anayejipongeza kwa niaba ya wageni ambao hawakuja. Tangu siku hiyo niliacha pengo kila baada ya jina, la urefu wa neno lile, halafu nikaendelea.

Labda mnajiuliza kwa nini sikwenda kumwona. Alihamia kwa binti yake, kwenye mtaa wa kando ya Alum Rock. Kutoka kwangu ni dakika chache kwa basi. Nilichukua miaka kumi na moja kufika.

Binti yake alinikaribisha chai ya maziwa na kunionya kwamba baba hasikii tena, sikio moja wala la pili. Lile sikio ambalo karakana nzima ililitegemea. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, sasa hayakuwa na pa kuingilia. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa kwenye bahasha: KOSA LILE LILIKUWA LANGU.

Alisoma taratibu. Kisha akajibu kwa sauti ya juu, kama wasiosikia wanavyosema. "Najua. Karatasi ninayo."

Akamtuma binti yake kuleta kopo la biskuti, lile la nyuzi na sindano, na chini ya vifungo ilikuwepo karatasi yangu, imekunjwa mara nne. Aliikunjua akaisoma kama tulivyokuwa tukisoma faharasa. "Mahali hapa pawe peupe." Akatikisa kichwa. "Kiswahili safi kabisa. Mpaka nukta umeweka."

Niliandika: KWA NINI HUKUMWONYESHA?

"Wewe ulikuwa unaingia, mimi nilikuwa natoka." Akainywa chai yake kidogo. "Lakini nilingoja useme, Mwalimu. Si kwa Margaret. Kwangu mimi tu. Nilifikiri, leo atashuka ghalani. Kesho atashuka."

Nikaifunika kalamu. Naye akauliza swali alilokuwa amelihifadhi muda wote ule.

"Na kisiwa? Imerudi?"

Nilitikisa kichwa. Hakunilaumu. Aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile minne, akanipa. Majira ya baridi ya mwaka ule yalipokwisha, naye alikuwa ameaga dunia.

Nimejaribu njia nilizozijua. Wachapishaji wa atlasi ile hawapo tena. Bi Margaret nilimwandikia, nikamweleza yote. Barua ilirudi kwa kuwa hakuishi tena pale. Lakini ninajua kwamba nakala za atlasi yetu bado zipo. Rafiki aliiona moja kwenye maktaba ya shule Morogoro, nyingine ilikuwa ikiuzwa kando ya njia Nairobi, na mzazi mmoja hapa Stechford alinionyesha ya kwake, ikiwa imewekewa runinga juu yake. Ni kubwa, jalada lake la buluu lina picha ya dira. Ninyi ndio mnaoishi karibu nazo.

Kwa hiyo ninaomba hivi. Ukikutana nayo, fungua ramani ya ncha ya kaskazini. Tafuta visiwa vya Svalbard, kisha peleka kidole mashariki, palipo peupe. Kwa penseli iliyochongwa vizuri chora duara dogo, na upande wake wa kulia, juu kidogo, bila kugusa pwani, andika *Kisiwa Cheupe*. Halafu rudi kwenye ukurasa wa mwanzo, na chini ya jina langu, Abdirashid Noor, andika *Gurdev Singh*. Usifanye peke yako. Yasome majina hayo mawili kwa sauti, kisiwa na fundi, na aliye karibu nawe aweke kidole juu ya kila moja, aseme, "Nimesikia."